Saa ya Kumlisha Mbwa

Mjini Babati, kivuli cha jioni kinapoanza kupanda ubavuni mwa Mlima Kwaraa, mbwa huacha vichochoro na kusogea karibu na majiko. Hakuna aliyewaita, saa wanaijua wenyewe. Ukoko wa ugali ulioganda sufuriani, mchuzi wa dagaa uliosalia, mfupa uliokwisha kung'onywa: hicho ndicho chakula chao cha siku, na aghalabu hapana kingine kabla yake wala baada yake. Mbwa aliyeshinda malishoni akifuata mbuzi, au shambani akifukuza nyani wasile mahindi na mbaazi, hula baada ya kazi wala si kabla. Hakuna aliyeketi akapanga iwe hivyo. Makombo hayapatikani mpaka watu wamekwisha kula, na watu wa shamba hula mlo wao mkubwa jioni.

Desturi hii iliyozaliwa na uhaba yafanana mno na kanuni ambayo wawindaji na waganga wa nchi nyingi wameifundisha tangu kale, kwamba mbwa asikimbizwe akiwa na tumbo lililojaa. Kanuni ni moja, bali sababu zilizotolewa kuitetea zimebadilika zamani hata zamani. Wa kwanza waliishika kwa ajili ya mawindo, wa pili kwa ajili ya elimu ya mmeng'enyo wa chakula, na wa mwisho kwa ajili ya ugonjwa unaomwua mbwa kwa muda wa saa chache. Mtu aipokeaye kanuni pasipo kuijua sababu yake huenda akaishika pale isipohitajika, akaiacha pale inapohitajika. Na jambo hilo latukia leo katika nyua za Babati kama litukiavyo penginepo.

Mwindaji wa kale hakuwa na shughuli na maradhi ya tumbo. Alichotaka ni mbwa mwepesi. Xenophon wa Athens, aliyeishi katika karne ya 5 na ya 4 kabla ya Kristo, aliandika kitabu juu ya kuwinda sungura kwa mbwa na nyavu, na ndani yake chakula kimetajwa kwa namna mbili zinazostahili kuangaliwa. Kwanza, mbwa akikataa chakula chake asitolewe kwenda mawindoni, kwa maana huko kukataa ni dalili kwamba hajambo lake si zuri. Pili, watoto wa mbwa wanaofundishwa walishwe penye nyavu wakati nyavu zinapokusanywa, ili aliyepotea porini kwa ujinga wa utoto arudi kwa kukitafuta chakula chake. Kwa hiyo kijana wa mbwa alijifunza tangu mwanzo ya kuwa mbio huja kwanza na chakula hufuata. Xenophon aliongeza kwamba mwenye mbwa awalishe kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu mbwa mwenye njaa humpenda yule ampaye. Hilo hata mtoto wa Babati mwenye kubeba sahani ya makombo analijua bila ya kusoma Kiyunani.

Wawindaji wa Ulaya katika karne za kati waliigeuza desturi hiyo kuwa sherehe. Gaston Phébus, bwana wa Foix katika nchi ya Ufaransa, alianza kuandika kitabu chake cha uwindaji mwaka wa 1387. Yeye aeleza jinsi mbwa wanavyopewa haki yao paa mkubwa akisha kuuawa: ngozi hutandikwa chini, na juu yake huwekwa mkate uliochanganywa na damu na sehemu za ndani za mnyama, kisha kundi zima huachiwa lile kwa mlio wa pembe. Mbwa aliyekula kabla ya saa hiyo hakuwa na sababu ya kukimbia.

Katika nchi za Kiislamu jambo hili lilipata uzito wa sheria. Sura ya tano ya Qurani, aya ya nne, inahalalisha nyama iliyokamatwa na mnyama wa kuwindia aliyefundishwa; na wanazuoni, wakifuata hadithi iliyopokewa kwa Adi bin Hatim, walieleza kwamba mbwa akikila alichokikamata basi amejikamatia mwenyewe, wala hakumkamatia bwana wake. Hapa pana mkazo mgumu kuliko ule wa Xenophon. Mbwa hana budi awe na njaa ya kutosha hata akimbie, na awe na adabu ya kutosha hata asimamishe meno yake juu ya nyama yenye joto asiimeze. Saa ya kula haikuwa tena shauri la wepesi wa miguu tu. Ilikuwa ndiyo mpaka kati ya halali na haramu. Madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani ya Afrika ya Mashariki, yalimtia mbwa katika najisi nzito, lakini hayakumfukuza mawindoni. Ndiyo maana katika kisiwa cha Unguja, ambako mbwa wa nyumbani ni adimu, vikundi vya wasasi wameendelea kufuga mbwa kwa ajili ya kuwasaka nguruwe mwitu waharibuo mashamba. Mbwa wa msasi hakai sebuleni, wala hapati mlo wa asubuhi.

Mbwa wa bara alikuja kwa njia nyingine. Katika sehemu hizi za Bonde la Ufa wanyama wa kufugwa waliingia pamoja na wafugaji watokao kaskazini, maelfu ya miaka iliyopita, na mbwa alikuwa miongoni mwao. Watu wa Babati wa leo, Wagorowa na Wairaqw ambao lugha zao ni za jamii ya Kikushi, Wabarabaig walio wafugaji hodari, Warangi waliopanda kutoka Kondoa, na wengine wengi walioletwa na biashara ya barabara kuu, wote wanamfahamu mbwa yule yule: mwenye manyoya mafupi, tumbo lililoingia ndani, miguu myepesi, na uzito usiozidi sana ule wa mbuzi mdogo. Mjini huitwa koko kwa dharau. Dharau hii haikuanza leo. Ndugu yake wa misitu ya Kongo alipopelekwa Uingereza akaonyeshwa katika maonyesho makubwa ya mbwa mwaka wa 1937, alipewa jina la Basenji, ambalo ni neno lile lile la "washenzi" kwa matamshi ya huko. Waingereza walilipa fedha nyingi kumpata mbwa ambaye jina lake lilikuwa ni tusi.

Mwindaji wa bara aliyetoka alfajiri na mikuki na mbwa wake hakuwa na chakula cha kuwapa kabla ya safari hata kama angetaka. Mbwa walipata matumbo na vipande vya pembeni papo hapo mnyama alipopasuliwa. Sheria za wanyama za utawala wa Kiingereza katika Tanganyika, za mwaka 1940 na 1951, zilizidi kuubana uwindaji huo. Tarangire ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka wa 1970. Mbwa wa mawindo akageuka kuwa mbwa wa ulinzi wa shamba na wa zizi, lakini saa yake ya kula haikubadilika.

Sababu ya pili ya kanuni hii, yaani ile ya mmeng'enyo, ilianza kwa kisa cha kutisha. Salimbene wa Parma, mtawa wa karne ya 13, asimulia kwamba mfalme Frederick wa Pili, aliyekufa mwaka wa 1250, aliwapa watu wawili chakula kizuri, akamtuma mmoja alale na mwingine aende kuwinda, kisha jioni akawapasua matumbo mbele yake ili ajue ni yupi aliyemeng'enya chakula vizuri zaidi. Waganga wakahukumu kwamba ni yule aliyelala. Salimbene alimchukia sana mfalme huyo, na habari za adui hazifai kupokewa pasipo kupimwa. Lakini hata ikiwa ni uzushi, yaonyesha kwamba swali lenyewe lilikuwa likiulizwa: je, mwili unaokimbia waweza pia kula?

Miaka zaidi ya mia tano baadaye swali hilo liliondolewa kwa binadamu likawekwa juu ya mbwa. Jaribio linalonasibishwa na Busick Harwood, aliyekuwa profesa wa elimu ya viungo katika Chuo Kikuu cha Cambridge tangu mwaka wa 1785, lilikuwa lile lile la Frederick. Mbwa wawili wa mawindo walilishwa sawasawa. Mmoja akaachwa alale, mwingine akakimbizwa. Walipouawa na kupasuliwa, tumbo la aliyelala lilikuwa limekwisha kazi yake, na la aliyekimbia lilikuwa halijaianza. Vitabu vya afya vya karne ya 19 vilikirudia kisa hiki mara nyingi, vikiwaonya wanadamu wapumzike baada ya chakula. Mbwa wawili wa Cambridge ndio waliowalaza mabwana wengi wa Kiingereza vitini mwao kila mchana.

Daktari William Beaumont wa Marekani alikuja na maarifa yaliyo wazi zaidi. Mwaka wa 1822 kijana mmoja aitwaye Alexis St. Martin alipigwa risasi ubavuni, naye akapona, ila tundu la tumbo lake halikufunga. Kwa miaka kadhaa Beaumont alichungulia ndani ya tundu hilo, na mwaka wa 1833 akatoa kitabu. Aliona kwamba mwendo wa kadiri husaidia kazi ya tumbo, na kwamba kazi ya kuchosha huichelewesha. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu kanuni ya zamani ilichanganya kutembea na kukimbia. Mwishoni mwa karne hiyo Ivan Pavlov wa Urusi alichunguza maji ya matumbo ya mbwa kwa uangalifu usio na mfano, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1904. Na huko Marekani Walter Cannon, akitumia picha za eksirei zilizokuwa mpya, aliona kwamba tumbo la paka husimama kabisa akiingiwa na hofu au hasira. Ikadhihirika kwamba mnyama akimbiaye, au aliye tayari kupigana, hupeleka damu yake kwenye misuli na kuliacha tumbo lingoje. Hapo elimu iliungana na mwindaji wa kale. Mbwa aliyeshiba hukimbia vibaya, na mbwa akimbiaye humeng'enya vibaya. Lakini kumeng'enya vibaya si kufa.

Sababu ya tatu, iliyo ya kufisha, yahusu mbwa ambao Babati haikuwajua hapo zamani. Utawala wa kikoloni ulipoingia, wageni walileta mbwa wao. Mwaka wa 1911 tajiri wa Kimarekani Paul Rainey alisafirisha kundi zima la mbwa kutoka Mississippi hadi Kenya, mbwa waliozoea kusaka dubu, ili wawasake simba. Na sinema ya safari yake ilionyeshwa Marekani mwaka uliofuata. Karibu na Nairobi, Jim Elkington alikuwa na kundi la mbwa wa Kiingereza waliowafukuza mbweha kama ilivyokuwa desturi kwao. Walowezi, polisi na baadaye matajiri wa mijini walipenda mbwa wakubwa wenye kifua kirefu: wale wa Kijerumani ambao wengi huwaita mbwa wa polisi, na mara nyingine Great Dane mwenye kimo cha ndama. Pamoja na miili hiyo yalikuja maradhi yake.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Mfuko wa chakula wa mbwa mwenye kifua kirefu hujaa hewa na maji, huvimba, kisha hujipinda wenyewe kama kinywa cha gunia kinavyosokotwa. Njia ya juu hufungika, mbwa asiweze kutapika wala kucheua. Njia ya chini hufungika, kitu kisipite. Mishipa mikubwa irudishayo damu moyoni hubanwa, bandama huvutwa pamoja na tumbo, na nyama ya tumbo lenyewe huanza kufa kwa kukosa damu. Mbwa hutembea huku na huku kwa fadhaa, hujaribu kutapika asitoe kitu ila mate, na ubavu wake ukigongwa hulia kama ngoma. Asipopata daktari wa kuitoa ile hewa na kumpasua ili kulirudisha tumbo mahali pake na kulishona ukutani, hufa siku ile ile.

Kwa kuwa tumbo lililojaa lililotikiswa kwa mbio laelekea kuwa ndilo litakalojipinda, wafugaji wa Ulaya na Marekani waliishika kanuni ya kale kwa sababu mpya: mbwa apumzike kabla ya kula na baada ya kula. Fikira ina mantiki. Lakini mantiki si ushahidi. Katika miaka ya 1990 Lawrence Glickman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waliwafuatia mbwa 1,637 wa aina 11 za wakubwa na wakubwa mno, wakiandika maisha yao kabla ya ugonjwa kutokea. Matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2000 yaliwashangaza wengi. Mambo waliyoyaona yakiandamana na ugonjwa yalikuwa umri mkubwa, kuwa na mzazi au ndugu aliyewahi kuugua, kula kwa haraka, na kulia katika chombo kilichoinuliwa juu. Mapumziko baada ya chakula hayakuonekana miongoni mwa mambo makubwa ya kumkinga mbwa. Tena kile chombo kilichoinuliwa ndicho wataalamu walichokuwa wakikipendekeza kuwa kinga. Jambo hilo la chombo bado labishaniwa, lakini latosha kuonyesha jinsi ushauri mzuri unavyoweza kusafiri miaka mingi ukiwa umevaa kanzu kinyume. Uchunguzi mwingine wa kundi lile lile ulionyesha kwamba mbwa apewaye chakula kingi kwa mara moja yumo hatarini zaidi, na aliye hatarini kuliko wote ni yule ambaye chakula hicho kingi hupewa mara moja tu kwa siku.

Isidhaniwe kwamba kanuni ya kale imebatilishwa. Kutoonekana kwa jambo katika hesabu si dalili ya kutokuwapo kwake, na madaktari wengi wa mifugo wangali wanashauri mbwa mkubwa apumzishwe saa moja au mbili baada ya mlo, kwa kuwa mapumziko hayana gharama. Kosa ni kudhani kwamba mapumziko hayo yanatosha. Kosa lililo baya zaidi ni la wale walioinyoosha kanuni hata ikafika kwenye maji, wakamnyima mbwa kinywaji baada ya mbio. Mbwa hatoi jasho mwilini kama mtu. Hujipoza kwa kuhema, na kuhema hukausha mwili. Katika jua la Magugu, bondeni kaskazini ya mji, mbwa aliyenyimwa maji kwa kuogopewa tumbo huweza kuuawa na joto kabla tumbo halijamfanya lolote. Apewe maji kidogo kidogo, mara nyingi.

Wenye mbwa wa kazi wa kaskazini mwa Tanzania wa zama hizi wanalijua hilo. Huko Usa River, upande wa pili wa Arusha, mbwa wamefundishwa kunusa pembe za ndovu zinazopitishwa kwa magendo katika bandari na viwanja vya ndege, na katika Serengeti ya magharibi mbwa wa namna hiyo wameshiriki doria. Mbwa wa kufuata nyayo hufanya kazi vema alfajiri, wakati harufu ingali imelala juu ya umande na jua halijawaka. Mlo wake mkubwa hungoja mpaka amepoa. Wawindaji wa Xenophon wangeielewa ratiba hiyo bila ya mkalimani.

Babati imekuwa makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka wa 2002, na pamoja na ofisi, maduka na nyumba za kuta ndefu wameongezeka walinzi wa miguu minne. Hapa ndipo kanuni na sababu yake vinapoachana. Mwenye nyumba mpya hununua kitoto cha mbwa wa Kijerumani, hukijengea banda, na hukilisha kama alivyoona koko akilishwa kwao: mara moja, jioni, sufuria zima la ugali na pumba. Mchana kutwa mbwa amefungwa. Saa moja ya usiku hulishwa, naye, kwa njaa ya saa ishirini na nne, humeza pasipo kutafuna. Dakika chache baadaye hufunguliwa azunguke ua, akikimbilia kila mlio wa pikipiki upitao langoni. Mlo mmoja, mwingi, wa haraka, katika kifua kirefu, na mbio juu yake. Desturi iliyomhifadhi koko miaka elfu imegeuka, bila ya mtu yeyote kuibadili, kuwa mtego wa mbwa mgeni.

Dawa yake si ghali. Ugali ule ule ugawanywe mara mbili, nusu asubuhi, nusu alasiri jua lingali juu, ili saa kadhaa zipite kabla ya lango la banda kufunguliwa. Sahani iwekwe chini. Mbwa wawili wasilishwe katika chombo kimoja, kwa maana kushindana ndiko kunakofanya haraka. Na mwenye mbwa aliyeona mara moja ule ubavu uliokaza na ule utapishi usiotoa kitu asingoje kuche: Arusha iko kiasi cha kilometa 170, mwendo wa saa mbili na nusu au tatu kwa gari, na akikosa mpasuaji aliye karibu zaidi, saa hizo ni sehemu kubwa ya zile alizobakiwa nazo mbwa.

Koko wa jirani, mwenye kilo kumi na tano na kifua chembamba, hana habari. Ameshinda Bonga akifuata mbuzi. Ukoko wake humeza kwa pumzi tatu, mkia umekunjwa chini, jicho moja likiwatazama mbwa wengine. Kisha hulamba sufuria mpaka lisukumwe ukutani, huzunguka mara mbili, na kulala karibu na jivu la mafiga.